Kwenda kwenye theluji bila kula pesa ya minervali

Swali limetoka kwa mama mmoja wa hapa Lubumbashi. Nimelifupisha kidogo:

"Papa, jambo yenu. Tuna watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 13. Tangu waone Olimpiki ya majira ya baridi kwenye televisheni, hawana neno lingine ila skii. Shemeji yangu anaishi Liège, anatuambia twende kwake Noeli, kisha tupande wote mpaka milima ya Alpes. Bwana wangu na mimi tumeweka dola 4,500, nyingine za likelemba (mchango wa zamu), nyingine za prime yake ya mwisho wa mwaka. Sitaki turudi nyumbani tukakosa minervali ya shule ya watoto. Je, pesa hii inatosha? Kama haitoshi, tukate wapi? Bwana anasema yeye hata tukifika atabaki kwenye gari, baridi hapendi."

Mama, jambo. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Noeli msiende. Ngojeni vakansi kubwa, mwende Lesotho, nchi ya milima huko kusini, mwezi wa nane, mlale chini ya mlima, mteleze siku mbili tu, na pesa ya mwalimu wa skii msiiguse. Kwa mpango huo dola 4,500 zinaweza kuwatosha, kwa kubana. Kwa mpango wa shemeji hazitoshi, hata akiwapa kitanda na chakula bure.

Nimepanga safari za familia kutoka hapa kwenda kusini kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: watu wanaogopa bei ya skii yenyewe, wanaanza kukata huko, kumbe pesa imeshaliwa njiani. Safari ya theluji ina mifuko mitatu. Kuna njia, yaani hati, tiketi na gari. Kuna paa, yaani mahali pa kulala na kula. Na kuna mteremko, yaani kukodi vifaa, kibali cha kuteleza na mwalimu. Kwa familia ya Mfaransa anayekaa Lyon, mteremko unakula pesa nyingi kwa sababu mlima uko karibu naye. Kwa familia ya Lubumbashi, njia peke yake inaweza kula zaidi ya nusu. Ukitaka kuokoa pesa ya maana, okoa kwenye njia, kisha kwenye idadi ya siku. Vitu vingine vyote ni senti.

Tuangalie kwanza mwaliko wa shemeji, maana ni mwaliko wa upendo na sitaki uukatae bila hesabu. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ubelgiji na Ufaransa, ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka asiyetimiza 12. Mwanao wa miaka 13 analipa kama mtu mzima. Kwa hiyo watatu wa 90 na wawili wa 45: yuro 360, kabla ya bima, kabla ya gharama za kituo cha kupokea maombi, na ukikataliwa hazirudi. Juu yake weka tiketi tano za kwenda Ulaya katika majuma ambayo kila Mkongomani wa Brussels, Liège na Paris anasafiri pia. Halafu wiki ya Noeli na wiki ya mwaka mpya ni kati ya zile ghali kabisa kwenye vituo vya Alpes, na nyumba nyingi kule hupangishwa wiki nzima, Jumamosi mpaka Jumamosi. Mnataka kulala siku tatu, mnalipa saba. Wazungu wenyewe wenye kubana pesa hungoja katikati ya Januari, watoto wengine wakiwa wamerudi shuleni. Wana wenu nao watakuwa wamerudi shuleni, kwa hiyo njia hiyo kwenu imefungwa.

Shemeji bado ana kazi, lakini ya siku nyingine. Ikitokea mmeenda kwake kwa sababu ya familia, harusi au kipaimara, hata mwezi wa saba, mwambieni awapeleke Landgraaf, upande wa Uholanzi, haifiki kilomita 70 kutoka Liège. Kuna jumba kubwa lenye theluji ndani mwaka mzima, na huhitaji wiki nzima: mnaingia, mnakodi vifaa, mnateleza, jioni mko mezani kwa shemeji. Ubelgiji yenyewe ina majumba ya namna hiyo Peer na Comines. Na wakati wa baridi, theluji ikianguka, pale Signal de Botrange, mahali pa juu kuliko pote Ubelgiji, mita 694, watoto huteremka kwa kitelezi cha plastiki siku nzima. Kwa mtoto wa miaka 6 furaha ya hapo haipungui hata kidogo ile ya Alpes. Lakini kununua tiketi tano za ndege kwa ajili ya hayo tu, hapana.

Sasa Lesotho. Watu wengi wa hapa wanashtuka nikiwaambia kusini mwa Afrika kuna skii. Iko, na iko katika majira yanayotufaa sisi kuliko wanavyodhani. Kule baridi ni Juni, Julai na Agosti, yaani miezi ile ile ambayo hapa Lubumbashi tunatoa blanketi na asubuhi watoto hawataki kuoga. Shule zetu zinafunga mwanzoni mwa Julai, zinafungua Septemba. Mtoto wa Kinshasa, wa Lubumbashi au wa Kolwezi ana miezi miwili ya vakansi katikati ya majira ya theluji. Mtoto wa Ulaya hana vakansi ndefu hivyo katika majira ya theluji ya kwao.

Kituo kinaitwa Afriski, kiko kwenye milima ya Maloti, mita 3,000 na zaidi kidogo juu ya bahari, karibu na kipito cha Mahlasela chenye mita 3,222. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa gari wa saa tano hivi, ukihesabu na mpaka. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja, na kando yake kuna sehemu ya wanaoanza. Mtu aliyezoea Alpes atasema ni padogo. Kwa familia ambayo haijawahi kuvaa skii, padogo ni pazuri: unawaona watoto wako wote watatu ukiwa umesimama mahali pamoja, na hamlipii milima kumi ambayo hamtaikanyaga.

Waambieni watoto ukweli mapema, ili wasije kulia. Milima ile si lazima iwe nyeupe yote. Theluji ya mteremko kwa sehemu kubwa hutengenezwa: usiku, joto likishuka chini ya sifuri, mashine hurusha maji na hewa ya kusukumwa kwa nguvu, matone yanaganda kabla ya kugusa ardhi. Kwa hiyo mnaweza kufika mkakuta nyasi kavu za rangi ya kahawia pande zote na utepe mmoja mweupe katikati. Utepe huo unateleza vizuri kabisa. Theluji ya mbinguni nayo huja, na ikija ni nyingi mpaka barabara inafungwa. Kwa mfuko wenu, hiyo ya mashine ndiyo inayowahakikishia kwamba pesa mliyolipia haitakuwa bure.

Tarehe ni jambo ambalo linaokoa pesa bila kumnyima mtu chochote, kwa hiyo lisome mara mbili. Watoto wa Afrika Kusini wana likizo yao ya baridi kuanzia mwisho wa Juni mpaka kama tarehe 20 Julai. Katika majuma hayo kila mtu wa Johannesburg mwenye gari anapanda Lesotho. Vyumba vinajaa, na foleni ya kukodi buti inaweza kula asubuhi nzima mliyolipia. Wao wakirudi shuleni, sisi bado tuna vakansi. Lengeni kati ya tarehe 25 Julai na tarehe 20 Agosti, Jumatatu mpaka Alhamisi. Epukeni wikendi ya tarehe 9 Agosti, sikukuu ya wanawake ya Afrika Kusini, maana watu wanaiunganisha na siku za mapumziko. Kufikia Agosti mashine zimekwisha kufanya kazi majuma mengi na theluji imejengeka, lakini msingoje mwisho kabisa wa mwezi.

Njia. Ndege ya moja kwa moja kutoka Luano, uwanja wetu wa hapa Lubumbashi, mpaka Johannesburg ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Wenzetu wengi wanavuka mpaka wa Kasumbalesa wanaenda kupandia Ndola, Zambia, kwa sababu mara nyingi tiketi ya Ndola ni nafuu. Ni kweli, lakini fanyeni hesabu ya watu watano. Chukueni tofauti ya tiketi moja, mzidishe kwa tano. Toeni gari la kwenda na kurudi, toeni kulala Ndola usiku mmoja, kwa sababu malori ya Kasumbalesa hayamjali mtu mwenye ndege ya saa nne asubuhi, toeni karatasi za kuingia Zambia, toeni chakula. Kwa familia ya watu watano yenye mtoto wa miaka 6, mimi nashauri Ndola ikiwa tofauti ya tiketi moja inapita dola 80. Chini ya hapo mnajichosha kwa faida ya kuonekana kwenye karatasi tu.

Basi la kwenda Johannesburg kupitia Lusaka liko, na vijana wetu wa biashara wanalipanda kila juma. Daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021 limefanya njia ya Botswana iwe nyepesi kuliko zamani, wakati ule wa kungoja pantoni. Bado ni zaidi ya kilomita 2,000. Na watoto wa umri wa wana wenu mtafika mmechoka, na siku mbili za kwenda na mbili za kurudi zitadai chakula, vyoo vya kulipia na viza za kupita. Wangekuwa na miaka 15 na 17 ningesema jaribuni.

Hati ndizo zilizonitoa machozi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Ukiingia Lesotho umetoka Afrika Kusini, na ukirudi kupanda ndege unaingia upya. Mwaka mmoja nilipeleka familia ambayo viza yao ya Afrika Kusini ilikuwa ya kuingia mara moja. Mimi ndiye niliyejaza fomu, na mimi ndiye sikuangalia. Tulikaa mpakani na watoto kutoka saa saba mchana mpaka usiku, na kilichotuokoa ni huruma ya ofisa mmoja. Tangu siku ile, neno la kwanza ninalosema kwa kila mteja ni hili: viza ya Afrika Kusini iwe ya kuingia mara nyingi, iandikwe hivyo kwenye ombi, na barua ya kueleza safari itaje Lesotho kwa jina. Viza ya Lesotho, kama mnaihitaji, inaombwa peke yake. Ubalozi wake wa kuuliza ni ule wa Pretoria, kwa hiyo anzeni miezi mitatu kabla, wala msifikiri mtaimaliza mkiwa Johannesburg.

Kila mtoto awe na pasipoti yake na cheti chake cha kuzaliwa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Najua kwetu vyeti vya kuzaliwa ni shida. Wengi wanakwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kuziba pengo. Kama wa kwenu mmoja hana, hiyo ndiyo kazi ya mwezi huu, kabla ya kutafuta bei ya tiketi. Kama mzazi mmoja atabaki, au mkimchukua mtoto wa ndugu, kuwe na barua ya ruhusa iliyothibitishwa na notari. Na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano kwa kila mmoja: Afrika Kusini inaidai kwa anayetoka kwetu. Chanjo moja sasa inahesabiwa kuwa ya maisha yote, kwa hiyo msikubali mtu awauzie nyingine kwa sababu eti miaka 10 imepita. Hapo peke yake mnaweza kuokoa pesa ya watu wawili wazima.

Gari. Mkikodi Johannesburg, lazima kampuni iwape barua ya kuvuka mpaka, na barua hiyo ina ada yake; ulizeni kabla ya kulipa chochote. Kule wanaendesha upande wa kushoto, na leseni yetu ya Kifaransa inahitaji kibali cha kimataifa. Barabara ya kutoka mpaka wa Caledonspoort, kupitia Butha-Buthe mpaka Afriski, ina lami, lakini inapanda kipito cha Moteng, na asubuhi kivulini kuna barafu ambayo haionekani. Sijawahi kumshauri baba wa Lubumbashi aendeshe mwenyewe pale mara yake ya kwanza. Njia yangu ni hii: tafuteni familia moja mnayoelewana nayo, ya parokia au ya mtaa, mkodi pamoja basi dogo na dereva anayejua milima. Watu kumi wakigawana gari moja, kila familia inalipa nusu, na mnapata faida nyingine nitakayoieleza nikifika kwa mwalimu.

Paa nalo ni mahali pa kuokoa vizuri, na hapa afya na pesa zinakubaliana. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi, Johannesburg 1,750 hivi. Ukilala ghafla mita 3,000, kichwa kinagonga, mtoto anatapika, na siku mliyolipia inaishia kitandani. Ugonjwa wa mlimani unaweza kuanza mtu akivuka mita 2,500. Mkilala Butha-Buthe, au upande wa Afrika Kusini Fouriesburg au Clarens, mko chini ya mita 2,000, mwili unapumzika, na bei ya chumba ni ndogo kuliko ile ya pale pale kwenye mteremko. Mnapanda asubuhi, mnashuka jioni. Mimi naipenda Butha-Buthe kwa sababu mpaka mmeshauvuka. Mkilala upande wa pili mtapiga muhuri kila siku na kujaza kurasa za pasipoti bure.

Chukueni nyumba yenye jiko. Unga wa mahindi upo kila duka. Basotho wanakula bukari kama sisi, wao wanaiita papa, na mboga za majani wanaziita moroho. Watoto wenu watacheka kusikia kwamba kule papa analiwa. Pikeni jioni, asubuhi jazeni termosi ya chai yenye sukari nyingi, mbebe mkate, mayai na karanga. Chakula cha mkahawa wa mlimani nunueni mara moja tu, siku ya pili, watoto wapate kumbukumbu. Pesa za Lesotho zinaitwa maloti, zinalingana na randi moja kwa moja, na randi inapokelewa kila mahali; badilisheni dola kuwa randi, msihangaike na maloti, maana ukitoka nayo haikusaidii. Na mama, nyumba za kule usiku ni baridi kweli. Kuna wenzetu wanaozoea kuingiza mbabula, jiko la makala, chumbani. Msifanye hivyo, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Moshi wa makala usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Ombeni blanketi za ziada. Lesotho ni nchi ya blanketi, hawatawanyima.

Nguo msinunue mpya wala msikodi. Nendeni soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwenye mitumba. Kwenye marobota yanayotoka Ulaya hukosi makoti ya theluji na ovaroli nene za watoto, na muuzaji anaona ni mzigo kwa sababu nani atavaa hiyo hapa? Mtapata nguo nzuri kwa franga ambazo kule zisingetosha kukodi kwa siku moja. Dondosheni tone la maji juu ya kitambaa: likibaki duara na kuteleza, chukueni, likinywewa, acheni. Suruali ya jinzi ibaki nyumbani, inanyonya maji na kuganda. Ndani vaeni sufu au nguo za michezo, msivae pamba. Glavu jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya saa nne. Miwani ya jua yenye kinga ya kweli na mafuta ya kujikinga na jua ni lazima hata kwa ngozi yetu nyeusi: kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya jua inaongezeka kama asilimia 10, na theluji mpya inairudisha karibu asilimia 80 usoni, kutoka chini. Midomo hupasuka kwanza. Vitu vya kukodi pale ni buti, skii na helmeti basi. Fimbo mtoto anayeanza hazihitaji siku ya kwanza, zinamchanganya tu.

Sasa mteremko wenyewe, na hapa ndipo nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine. Wazazi wakifika wakiwa wamebana pesa, kitu cha kwanza wanachokata ni mwalimu. "Watajifunza wenyewe, watoto wana akili." Nimewaona watoto hao. Saa ya kwanza wanaanguka na kucheka, saa ya pili wanaanguka na kulia, saa ya tatu wako kwenye gari wanasema skii ni mbaya, na baba amelipa kibali cha siku nzima. Mtoto aliyefundishwa saa mbili anajua kusimama. Anafundishwa kukaribisha ncha za mbele za skii na kutanua nyuma, kama paa la nyumba, na kwa umbo hilo tu anapunguza mwendo, anageuka, anasimama. Akishajua kusimama, hofu imekwisha, na siku yote ni yake. Kata siku ya tatu, kata mkahawa, kata picha za kulipia. Mwalimu mwache.

Hapa ndipo ile familia ya pili inapoleta faida. Darasa la wote hulipwa kwa kichwa. Mwalimu wa peke yenu hulipwa kwa saa, na watoto watano au sita wa familia mbili wakigawana saa hizo, mara nyingi kila kichwa kinatoka nafuu kuliko darasa la wote, tena watoto wanajuana na hawaonei haya. Walimu watasema Kiingereza. Mwanao wa miaka 13 kama anasoma Kiingereza shuleni, mpe kazi ya kuwafasiria wadogo zake. Nimeona kazi hiyo ikimfanya mtoto mkubwa aache kununa. Fundisheni hao wadogo maneno matano ya kusimama, kugeuka, polepole, inama, nisaidie, kabla ya kuondoka hapa.

Siku ya kwanza ulizeni kibali cha wanaoanza, kile cha mteremko mdogo tu. Kile cha mlima mzima ni cha siku ya pili, na huenda mkubwa peke yake ndiye atakayekihitaji. Wa miaka 6 atachoka baada ya saa mbili au tatu; kumlipia siku nzima ni kutupa pesa. Siku ya katikati pumzikeni, mcheze theluji bila kulipia skii. Miguu itakuwa inauma kwa namna ambayo hamjawahi kuisikia, na siku ya kupumzika inafanya ile ya pili iwe tamu.

Hesabu yenyewe inaweza kukaa hivi. Namba hizi ni mfano wa kugawa mifuko. Bei halisi ulizeni wenyewe, kisha mweke za kwenu. Tuseme tiketi ni dola 450 kwa mtu: 2,250 zimekwenda. Viza, tafsiri, bima na karatasi nyingine 500. Nusu yenu ya basi dogo 500. Nyumba siku sita kwa dola 60, ni 360. Chakula 300. Mteremko siku mbili, vifaa, vibali na mwalimu, 400. Jumla 4,310, mmebaki na 190 za dharura. Unaona? Mteremko wote haufiki hata sehemu moja ya kumi. Mngefuta mwalimu mngeokoa labda dola 100. Mkipata tiketi ya dola 400 badala ya 450, mmeokoa 250 bila mtoto yeyote kujua.

Bima isitoke kwenye orodha. Iandikwe wazi kwamba inafunika skii na kumtoa mgonjwa mlimani, kwa sababu bima nyingi za safari huiweka skii pembeni kwa herufi ndogo. Mguu uliovunjika pale juu unapelekwa Afrika Kusini, na bila bima hiyo minervali ya miaka miwili itaondoka kwa siku moja.

Kama tiketi zikipanda zikavuka hesabu yenu, msikope. Angalieni kama kuna safari ya Johannesburg ambayo mngeifanya hata hivyo. Familia nyingi za hapa zinakwenda kule kwa matibabu ya macho, kwa bidhaa, kwa kumwona ndugu. Ikiwa bwana au wewe mna safari ya namna hiyo mwaka kesho, isogezeni Agosti na theluji iwe kona ya safari ile. Hapo njia inalipwa na sababu nyingine, na kilichobaki ni paa na mteremko.

Kuhusu bwana wako. Asilipiwe vifaa vya siku nzima kama hataki, hiyo ni pesa iliyookolewa. Lakini asibaki kwenye gari. Gari lililozimwa pale juu ni baridi kuliko nje juani, na mchana jua la Agosti pale linachoma mgongo kwa utamu. Mpeni koti la mitumba, termosi na simu yenye chaji, asimame chini ya mteremko wa wanaoanza, pale watoto wanapofikia. Wa miaka 6 akiteremka mara ya kwanza bila kuanguka, atakuwa anamtafuta mtu wa kumkimbilia, na skii hazikimbii. Ni lazima mtu huyo awe amesimama pale pale mwisho wa mteremko.